Klabu ya Uingereza inataka kututumia kontena la vitabu na madawati: tuijibu namna gani?

Mzazi wa Katuba

Ndugu wasomaji, salamu kwenu nyote. Ninaandika kwa niaba ya komite ya wazazi ya shule moja ya msingi ya serikali hapa Katuba, Lubumbashi. Klabu moja ya Rotary ya hapa mjini, ambayo tumeizoea kwa kazi zake za karibu, kama vile kuwapelekea wagonjwa unga na sabuni na kusaidia siku za chanjo mitaani, imetuletea habari kwamba klabu rafiki ya Uingereza ina mpango wa kusaidia elimu katika nchi za nje na ingependa kuanza na shule yetu. Barua yao inataja vitu viwili: vitabu vilivyokusanywa kutoka maktaba na shule za kwao, na madawati ambayo shule hizo zimeyaacha baada ya kununua mapya.

Shida tunayo, hilo halifichiki. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa kuwa ya bure katika shule za serikali mwezi wa Septemba 2019, madarasa yamefurika, na dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto wawili sasa linakaliwa na wanne, huku wa pembeni akiandika daftari likiwa juu ya paja. Lakini watoto wetu wanasoma kwa Kifaransa na Kiswahili, na vitabu vinavyokuja ni vya Kiingereza. Baadhi ya wazazi wanasema anayepewa hachagui. Wengine, na hili ninaliandika kwa kusita, wananong'ona kwamba Rotary ni chama cha siri na kwamba msaada wake una masharti yasiyosemwa.

Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu: je, tunaweza kuomba kitu tofauti bila kuonekana watovu wa adabu? Na kontena likikubaliwa, gharama zake zinabebwa na nani?

Rotaract wa zamani, Kampemba

Tata Mzazi, mimi niliyekuwa katika Rotaract, yaani klabu ya vijana ya Rotary, nianze na manung'uniko, kwa kuwa yakiachwa yataivuruga komite yenu kabla ya jambo lenyewe kujadiliwa. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris, aliyetaka watu wa kazi mbalimbali wakutane, wafahamiane na wasaidiane. Baadaye wakageukia kuihudumia jamii. Wanachama wake wanajulikana, mikutano yao inafanyika hotelini mchana kweupe, na yale matone ya chanjo ya polio ambayo watoto wetu wamekuwa wakitiwa mdomoni nyumba kwa nyumba yametokana kwa sehemu kubwa na kampeni ambayo Rotary iliianza mwaka 1985, miaka mitatu kabla ya Shirika la Afya Duniani na wenzake kuungana nayo. Mzazi mwenye shaka mwalikeni aje awaulize wanachama wenyewe.

Sasa kuhusu swali lako. Kuomba kitu kingine si utovu wa adabu hata kidogo. Kwa kweli ndiyo kanuni yao. Taasisi ya Rotary, iliyoanza kama mfuko mwaka 1917, ina aina mbili za misaada ambazo zinawahusu. Ya kwanza ni msaada wa distrikti, ambao ni wa fedha kidogo na masharti mepesi, na unapitia distrikti, yaani kundi la klabu za eneo moja, ambayo klabu imo. Kongo yetu imo katika distrikti ya 9150, pamoja na nchi nyingine za Afrika ya Kati. Ya pili ni msaada wa kimataifa, ambao hauanzi chini ya dola 30,000 kwa mradi mzima, na ambao lazima uombwe na klabu mbili kwa pamoja: moja ya nchi mradi unakofanyika na nyingine ya nchi ya nje. Kwa huo wa pili, hakuna ombi linalopokelewa bila uchunguzi wa mahitaji uliofanywa pamoja na jamii husika, yaani nyinyi wazazi, walimu na mkurugenzi, mkisema wenyewe kinachokosekana na mlicho nacho tayari. Barua inayoanza na orodha ya vitu vilivyojaa ghalani Uingereza imeanzia mwisho.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Elimu ya msingi na kusoma na kuandika ni moja ya maeneo saba ambayo taasisi hiyo inayagharimia, lakini mradi wa kununua madawati au vitabu peke yake haukubaliwi katika msaada wa kimataifa. Wanataka kuona kitu kitakachobaki baada ya fedha kuisha, na mara nyingi hicho ni mafunzo ya walimu. Kwa hiyo madawati yanaweza kuingia, ila kama sehemu ya mradi ambao kiini chake ni namna watoto wa darasa la kwanza na la pili wanavyofundishwa kusoma. Fedha zinawekwa katika akaunti ya benki ya mradi huo tu, wenye kutia sahihi wakiwa angalau wawili, na klabu zinatoa taarifa ya matumizi. Mishahara ya walimu msiitaje, haimo.

Deklara wa Kasumbalesa

Ninajibu swali la pili tu, maana kutoa mizigo ya watu forodhani ndio mkate wangu wa kila siku.

Kontena kutoka Uingereza likishushwa Dar es Salaam linapakiwa kwenye lori, linavuka Tunduma kuingia Zambia, kisha linakuja kusimama kwetu Kasumbalesa. Kabla halijaondoka Ulaya lazima liwe na FERI, ile karatasi ya taarifa za mzigo ya OGEFREM, ofisi ya serikali yetu inayosimamia usafirishaji wa mizigo, la sivyo mtalipa faini. Hapa mpakani kuna duane, yaani forodha, kuna ukaguzi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, na kuna siku za kungoja ambazo mwenye lori na mwenye kontena wote wanazihesabu na kuzidai. Watu hudhani kwamba kwa kuwa mzigo ni zawadi, unapita bure. Haupiti bure. Msamaha wa kodi upo, lakini unaombwa Kinshasa kwa jina la shirika lenye hati zake kamili kwa mujibu wa sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida, na karatasi hiyo lazima iwe mkononi kabla meli haijang'oa nanga. Nimeona zawadi za makanisa na za shule zikikaa uwanjani mpaka gharama za kukaa zikapita thamani ya mzigo, na wahusika wakaondoka wasirudi tena.

Mkikubali kontena, andikeni katika mapatano, kwa maneno yasiyo na utata, nani analipa kuanzia Dar es Salaam hadi mlangoni pa shule. Kama jibu ni "tutaona", likataeni.

Mwalimu wa Ruashi

Ninaunga mkono yaliyosemwa, nikiongeza ushuhuda wa shule niliyofundisha zamani, ambayo sitaitaja. Tuliletewa masanduku ya namna hiyo. Ndani mlikuwa na vitabu vya upishi, mwongozo wa kutengeneza gari lisilopatikana huku, na atlasi nzuri yenye jalada gumu ambamo nchi yetu bado iliitwa Zaïre, ilhali jina hilo lilifutwa mwaka 1997. Nilichokitumia ni picha za wanyama tu, nilizozikata na kuzibandika ukutani. Vingine viliwekwa katika chumba cha mkurugenzi, na kila mgeni alipokuja alionyeshwa "maktaba".

Darasa la pili linahitaji kitabu kimoja cha kusomea ambacho kila watoto wawili wanakishika pamoja, ukurasa uleule, kwa lugha ambayo mwalimu anaifundisha. Nakala hamsini za kitabu kimoja zinanifaa kuliko nakala moja moja za vitabu elfu. Kuhusu madawati, Ruashi hii na komini ya Kenya hapa mjini zimejaa maseremala na wachomeleaji. Dawati la chuma na mbao linatengenezwa hapa, likivunjika linarudishwa kwa fundi yuleyule, na baba wa mtoto mmojawapo anapata kazi.

Mama wa Kamalondo

Mwalimu, nakuheshimu, lakini tusikataze Kiingereza kwa jumla. Zambia ipo karibu kilomita 90 kutoka hapa, nusu ya biashara yetu inapita huko, na vijana wangu wa sekondari wanalipia masomo ya Kiingereza jioni. Vitabu vya hadithi vya watoto wa Uingereza, vile vyenye sentensi fupi na picha, vingewafaa wao. Tatizo ni kupeleka kitabu kwa mtoto ambaye hakimhusu, na kukipeleka kwa gharama ya kontena zima.

Mzazi wa Katuba

Nawashukuru sana, baba na mama zangu. Komite ilikutana Jumamosi baada ya kusoma majibu haya. Tumekubaliana kuwaandikia kwa Kifaransa, kupitia klabu ya hapa, tukiwashukuru na kuwaomba waache madawati huko, kisha wachague vitabu vichache vya aina aliyoitaja Mama wa Kamalondo, ambavyo msafiri wao anaweza kuja navyo katika mizigo yake, kwa ajili ya sekondari ya jirani. Kwa shule yetu tunaomba vitabu vya kusomea vya Kifaransa na Kiswahili vinunuliwe humu nchini, na madawati yatengenezwe na mafundi wa Katuba. Limebaki swali moja: hesabu yetu haifiki hata robo ya hizo dola 30,000. Je, tuongeze mahitaji ili tufike?

Rotaract wa zamani, Kampemba

Msiongeze hata msumari. Kwa kiasi hicho kuna msaada wa distrikti, na pia klabu mbili zinaweza kukubaliana moja kwa moja bila taasisi, ile ya Uingereza ikichangisha fedha kwao na ya hapa ikisimamia manunuzi na risiti. Ila msisubiri: mwaka wa Rotary unaanza tarehe 1 Julai na maraisi wa klabu hubadilika siku hiyo, kwa hiyo barua iliyokawia hadi Mei inaweza kumkuta raisi anayekusanya karatasi zake ili aondoke. Ambatisheni idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, idadi ya madawati yaliyo mazima, na bei za maseremala watatu tofauti zilizotiwa sahihi. Mkurugenzi naye atie sahihi na muhuri wa shule, kwa sababu wataulizia.