Mrejesho: namna mpaka wa Permi na Triasi unavyopewa umri

Niliuliza hapo awali mpaka kati ya vipindi viwili vya kijiolojia, kama Permi na Triasi inayoifuata, hupewaje umri, ilhali mawe ya chokaa yenyewe hayapimiki kwa urahisi. Nawashukuru mlionielekeza Meishan, nchini China, mahali penye matabaka ya mawe ambamo mpaka huo umewekwa rasmi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mpaka huwekwa kwa tarehe, kumbe hapo uliwekwa kwa kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mawe, na tarehe ikafuata baadaye. Triasi inaanzia pale konodonti (kiumbe mdogo wa baharini wa kale) aitwaye Hindeodus parvus anapoonekana kwa mara ya kwanza, ndani ya tabaka la 27. Umri unatokana na fuwele za madini ya zirkoni, ambamo urani hugeuka kuwa metali ya risasi kwa kasi inayojulikana, zilizochukuliwa katika majivu ya volkano ya tabaka la 25, lenye miaka milioni 251.941, na la 28, lenye miaka milioni 251.880, mpaka ulio kati yake umekadiriwa kuwa na miaka milioni 251.902. Jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo ni kwamba maangamizi makubwa ya viumbe yanaanzia chini kidogo ya mpaka rasmi, kwenye tabaka la 25.