Breki ya mkono kwa ekseli ya nyuma yenye diski: ipi itashika gari kwenye milima ya Bukavu?

Mjenzi wa Ibanda

Ndugu mafundi na madereva, nawasalimu. Mimi na binamu yangu tunaunda gari dogo la mizigo juu ya chasi ya Hilux ya zamani. Kwenye ekseli ya nyuma tumeamua kuondoa breki za dramu (bakuli la chuma linaloshikwa kwa ndani) na kufunga za diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi), kwa sababu wakati wa masika dramu hujaa maji na matope, na dereva akikanyaga breki hapati jibu mara moja. Breki ya mguu tumeshaimaliza. Kinachotusumbua ni breki ya mkono, kwani ilikuwa ndani ya dramu na imeondoka pamoja nayo.

Njia zilizo mbele yetu ni hizi: kalipa ya nyuma, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, yenye mkono wa kebo; diski yenye dramu ndogo katika kofia yake, yaani sehemu ya katikati iliyoinuka, kama zile za Toyota Prado 120; breki ya kushika propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, nyuma ya gia boksi; na valvu ya kufungia mafuta ya breki ndani ya bomba, ambayo jirani mmoja anaisifu sana kwa kuwa ni rahisi kufunga. Gari likipakiwa litafika kilo 2,200 hivi, na anayeishi Kadutu huegesha mlimani kila siku, atake asitake. Naomba mnilinganishie.

Fundi wa Nyawera

Ndugu Mjenzi, tuanze na mzigo ambao breki hiyo itaubeba, maana bila hesabu tutachagua kwa macho tu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, inayohusu magari ya abiria, inataka breki ya maegesho ilishike gari lililopakiwa kwenye mteremko wa asilimia 20, likielekea juu au chini, na dereva asilazimike kuvuta mkono wa breki kwa nguvu inayozidi niutoni 400. Lako ni la mizigo, lakini kwa mji huu mimi ningekifanya kipimo hicho kuwa cha chini kabisa. Kilo 2,200 kwenye mteremko huo huvutwa chini kwa takribani niutoni 4,230. Ikiwa nusu kipenyo cha tairi ni mita 0.35, ekseli inapaswa kuzuia nguvu ya kuzungusha ya niutoni-mita 1,480, yaani 740 kwa kila gurudumu.

Valvu ya mafuta iondoe kwenye orodha leo hii. Mafuta yaliyobanwa hupoteza shinikizo yakipoa, na mpira wa silinda ukivuja kidogo tu, gari huanza kuondoka wakati wewe uko sokoni. Kanuni niliyoitaja inataka breki ya maegesho ibaki imefungwa kwa njia ya kimakanika tupu, na sababu ni hiyo. Valvu hiyo inaweza kumsaidia dereva anayesimama kwa dakika moja huku mguu wake ukiwa karibu na kanyagio, lakini gari lisilo na mtu ndani halipaswi kuachiwa mafuta peke yake.

Kati ya zilizobaki, mimi nasimama na dramu ndogo ndani ya kofia ya diski. Viatu vyake viwili, yaani vipande vinavyoibana dramu kwa ndani, vimeunganishwa kwa namna ambayo gurudumu likitaka kuzunguka, kiatu kimoja huvutwa na dramu na kukisukuma cha pili, kwa hiyo uzito wa gari wenyewe huongeza mshiko. Kalipa ya kebo haina msaada huo: hushika kwa kiasi kile kile ambacho kebo imevuta.

Dereva wa Ngomo

Papa Fundi, nakuheshimu sana, lakini breki ya propela umeipita bila kuigusa. Land Rover Defender za zamani ziliitumia, na Land Cruiser za kwanza za familia ya 40 zilikuwa nayo. Faida yake iko katika hesabu yako mwenyewe: difu, yaani gia za katikati ya ekseli, ikiwa na uwiano wa 4.1, zile niutoni-mita 1,480 zinakuwa 360 tu kwenye propela, kwa hiyo breki ndogo inatosha. Kebo ni moja na fupi, nayo haipindi pamoja na springi. Zaidi ya hayo, iko mbali na magurudumu, kwa hiyo matope huifikia kwa shida. Kwetu tunaopanda na kushuka mlima wa Ngomo, hilo si jambo dogo.

Fundi wa Nyawera

Ni kweli, Ndugu Dereva, na hesabu yako ni sahihi. Lakini breki hiyo hushika propela, haishiki magurudumu, na kati yake na barabara kuna difu. Difu ya kawaida huruhusu gurudumu moja lizunguke mbele huku la pili likizunguka nyuma. Kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki ili ubadilishe tairi, breki ikiwa imevutwa hadi mwisho, gari bado linaweza kuteremka na kuiangusha jeki. Hali ni hiyo hiyo gurudumu moja likiwa juu ya utelezi, au shafti ya upande mmoja ikikatika. Tena isivutwe gari likiwa bado linatembea, kwani mshtuko wote huingia kwenye propela na difu. Ningeikubali kama breki ya pili juu ya ile ya magurudumu. Kama ya pekee, kwa gari la mizigo linaloegeshwa Kadutu, hapana.

Dada wa Spea

Kaka Mjenzi, mimi nauza vipuri vilivyotumika, kwa hiyo nizungumzie ninayoyaona mezani. Kalipa za nyuma zenye mkono wa kebo zinapatikana kwa wingi, lakini nyingi hufika zikiwa na ugonjwa mmoja: kimpira kinachofunika mkono kimepasuka, matope yameingia, na mkono haurudi hadi mwisho. Kabla ya kulipa, usukume mkono huo kwa kidole gumba, kisha uuachie. Ukirudi polepole, iache hapo hapo. Mwambie na fundi wako kwamba pistoni ya kalipa za namna hiyo kwa kawaida hurudishwa kwa kuizungusha. Wengi huibana kwa nguvu na kuvunja skrubu ya kujirekebisha iliyo ndani, kisha wanarudi kwangu wakisema nimewauzia kitu kibovu.

Jambo jingine ni joto. Diski na pedi zilizopata moto kwenye mteremko mrefu husinyaa zikipoa, na kalipa iliyovutwa kidogo hulegea saa moja baadaye. Zile za umeme za magari mapya hujibana tena zenyewe kwa amri ya kompyuta, lakini kompyuta hiyo hutaiweka kwenye Hilux ya zamani.

Mjenzi wa Ibanda

Nawashukuru sana. Maelezo ya jeki yamenitosha kuhusu propela. Tutachukua diski zenye dramu ndani. Je, kuna la kuangalia zaidi wakati wa kufunga?

Fundi wa Nyawera

Yapo, nayo ndiyo yanayoamua kama itashika. Sahani inayobeba viatu lazima ikae katikati kabisa ya ekseli, maana ikiegemea upande, kiatu hugusa sehemu ndogo tu ya dramu. Kwa kuwa ekseli yako si ya Prado, mchongaji wa chuma akukatie adapta ya kuiunganisha kwa mashine ya kereza, wala usikubali atoboe matundu kwa kukadiria.

Kurekebisha huanzia kwenye viatu, kebo ikiwa imelegezwa. Pitisha bisibisi kwenye tundu la diski, zungusha kigurudumu cha meno hadi diski igome kuzunguka kwa mkono, kisha kirudishe meno machache mpaka diski izunguke huru, na hapo tu ndipo uikaze kebo. Anayeanza na kebo hupata mkono wa breki unaokaza vizuri garini huku viatu vikiwa mbali na dramu. Kebo nayo ipangwe ili springi zikishuka mpaka mwisho isivutike, na wakati wa kushika iuvute mkono wa viatu kwa pembe mraba.

Viatu vipya havishiki vizuri siku ya kwanza. Tembeza gari polepole mahali patupu na tambarare, breki ikiwa imevutwa kidogo, kwa mita mia chache, uviache vipoe, kisha rekebisha tena. Na kwa sababu breki hii haitumiki gari likiwa mwendoni, huota kutu kwa urahisi. Ivute kila siku, hata unapoegesha mahali tambarare.

Dereva wa Ngomo

Nimeyakubali ya Papa Fundi. Niongeze la kipimo: lijaribu gari likiwa na mzigo wake wote, gia ikiwa huru, kwanza likielekea juu, kisha likielekea chini. La pili ndilo gumu, kwa sababu uzito huhamia ekseli ya mbele na tairi za nyuma hupungukiwa na mshiko. Mtu akae kwenye usukani, mguu ukiwa tayari juu ya breki, na mawe makubwa yawekwe hatua moja chini ya magurudumu kabla hamjaachia chochote.