Mrejesho: pektini na wanga dhidi ya haidreti za gesi

Wakuu, niliuliza kama pektini (kitu cha matunda kinachogandisha jemu) au wanga wa muhogo unaweza kushika nafasi ya methanoli, aina ya alkoholi, kuzuia haidreti, yaani fuwele kama barafu za maji na gesi, kwenye bomba la gesi lenye baridi. Asanteni kwa majibu.

Nimejaribu maabara kwa maji na tetrahaidrofurani (kimiminika cha kuyeyushia), maana mchanganyiko huo huunda haidreti kwenye nyuzi 4 hivi bila shinikizo kubwa. Mrija wa mchanganyiko huo usiotiwa pektini wala wanga uligeuka mweupe, ukaziba kabisa. Wenye pektini ulichelewa, na fuwele zake zilikuwa laini, kijiti kikapita. Lakini zilitokea! Methanoli hushusha nyuzijoto ya kuganda. Pektini inachelewesha tu. Bomba likisimama siku kadhaa, bado siiamini. Wanga ulinisumbua: usipouchemsha kwanza, unatuama chini.