Eti "weye ni polisi?" Asistanti kanicheka mbele ya promosio (darasa) nzima

BintiKatuba:
Naandika nikitetemeka. Mnamjua. Yule asistanti, msaidizi wa profesa, wa somo la mbinu za utafiti, mwenye simu tatu na silabusi ya kurasa 30 anayoiuza kwa bei ya mbuzi. Leo asubuhi kaniambia: "Weye ni polisi?" Na kalamu yangu iko mdomoni mwake!

Alitupa TP, kazi ya vitendo, juu ya bei ya unga wa mahindi sokoni. Nimeenda soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, Jumamosi tatu. Nilikaa juu ya ndoo kando ya wamama, nikahesabu kopo kwa kopo mpaka unga ukaniingia masikioni. Wamama 22 nimewauliza, mmoja mmoja. Nimepata 9 kwa 20. Ndani hakuna hata tone la wino, ni ile 9 tu juu ya jalada.

Jirani yangu kapata 17. Nikafungua yake. Ukurasa wa nne: "unga hushushwa kutoka mitumbwi ya Mto Kongo." Mto Kongo, soko la Kenya! Ni kazi ya mtu wa Kisangani, huko mtoni, jirani kabadilisha jalada basi. Watu wa Lubumbashi, mtumbwi umefika Kenya lini? Umepita barabara gani?

Nikampelekea kwa heshima: "Samahani Bwana Asistanti, tazameni hapa." Hakutazama. Kaomba kalamu, nami nikafikiri sasa atasahihisha. Kachokonolea meno kwa kifuniko chake, kaniangalia toka kichwa mpaka viatu: "Weye ni polisi?" Oditwari, ukumbi wote wa masomo, ikalipuka kwa kicheko. Yule wa mitumbwi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mimi si polisi! Polisi ni yeye! Sahihi yake ndiyo inaambia watu kwamba kazi hii ni ya huyu. Asipofungua ukurasa wa nne yeye, afungue nani? Mama yangu anauza mkaa ili nisome, halafu nalingana na mwizi? Hapana, hata silingani naye, ananipita pointi nane! "Weye ni polisi." Na kalamu hakurudisha.

MwanaKamalondo:
Pole dada. Lakini tujibu kwanza: weye ni polisi? 😂😂

KakaRuashi:
Unalia na 9? Mimi sikununua silabusi ya asistanti mwingine, nikapewa 4. Alikuwa na orodha ya walionunua, anasahihisha akiifuata.

YayaBelAir:
Wadogo zangu, mnazungumza silabusi. Sisi wengine tuliambiwa pointi ziko nyumbani kwake, twende kuzichukua jioni. Sikwenda. Nimerudia mwaka.

BintiKatuba:
Yaya, pole sana. Wote ni walewale. Lakini hata mstari mmoja hakusoma! Nilimwekea kidole juu ya neno "mitumbwi"!

MzeeWaUNAZA:
Watoto, miaka ya 1970 Mudimbe, yule mwandishi na mwanafalsafa, alifundisha hapahapa Lubumbashi. Ukileta sentensi isiyo yako, unaulizwa umeitoa wapi. Ulikuwa unaogopa.

KakaRuashi:
Mzee, na basi la wanafunzi lilikuwepo, tunajua. Tuachie ya leo.

MsomajiLushi:
Ujerumani, mwaka 2011, waziri wa ulinzi zu Guttenberg alinyang'anywa udaktari kwa kunakili maandishi ya wengine ndani ya tezi, yaani tasnifu yake, akaacha na uwaziri. Chuo kilisoma.

MwanaKamalondo:
Huku angepewa 17 na mtumbwi juu yake.

Asistanti_Mwingine:
Mnatutukana sote. Nina TP 400 mezani na makuta ya mshahara wa mwezi uliopita sijayaona. Nazisoma usiku kwa taa ya simu, maana umeme ni wiki ya pili haupo.

BintiKatuba:
Bwana Asistanti, nyinyi mnasoma kwa taa ya simu. Huyu alikuwa na jua la saa nne na ukurasa wazi mbele yake.

KakaRuashi:
Ngoja, wiki ya pili? Mnakaa wapi? Sisi Ruashi ni ya tatu. Kuchapisha memwari, kazi ya kumaliza chuo, kwenye jenereta ya duka la fotokopi wananitoza mara mbili kwa ukurasa.

MwanaKamalondo:
Mara mbili? Duka gani hilo? Kwetu mara tatu, na wino unafifia.

YayaBelAir:
Bel-Air umerudi jana usiku, ukakaa dakika kumi. Friji yangu imeungua.

KakaRuashi:
Fundi wa friji mzuri nani anamjua, upande wa Kenya?