Naomba ushauri: nataka kufungua injini ya skuta iliyotembea sana, sijawahi kufanya kazi hii

Usukani:
Wakuu, habari zenu. Nina skuta ya stroku nne, cc 125, injini ile ya GY6 ambayo viwanda vingi vinaitumia, inayopozwa kwa feni na kwenda kwa mkanda. Odometa inasoma km 68,000 na ushee. Siku hizi inakula oili, inatoa moshi wa bluu nikikaza mafuta, na vilima ilivyokuwa inapanda bila shida sasa inavipanda kwa kuomba. Nimeamua kuifungua mwenyewe niweke pistoni na ringi mpya. Sijawahi kufungua injini yoyote.

Maswali yangu ni mawili tu. Naweza kufanya bila spana ya kupimia mkazo? Na silinda niipige msasa kwa mkono kabla ya kuingiza ringi mpya, au niiache ilivyo? Naomba majibu mapema, muda wangu ni mfupi.

Spana Kumi:
Karibu mkuu. Kabla ya msasa, umepima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda? Moshi wa bluu una milango miwili. Ukitoka wakati unakaza mafuta, shuku ringi na silinda. Ukitoka asubuhi unapowasha, au baada ya kuachia mafuta kwenye mteremko mrefu kisha ukakaza tena, tazama sili za vali. Watu wanabadilisha pistoni nzima kumbe tatizo ni visili viwili vya mpira.

Ile mbinu ya kumwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ili uone kama kompresheni itapanda, usiiamini sana kwenye injini hii. Silinda yake imelala. Oili inakimbilia chini, na juu panabaki pakavu.

Mzee wa Plagi:
Vijana mnaharibu vyombo kwa uvivu wa kutazama kijiti cha oili. Injini hii inabeba kama 0.8 ya lita, basi. Ikipungua robo lita tu umeshaingia hatarini, na skuta nyingi za aina hii hazina taa ya kukuonya. Mimi skuta yangu ya kwanza ilinitunza mpaka watoto wakamaliza shule, na sikuwahi kufungua hata kichwa chake. Kila nikijaza mafuta nilivuta kijiti, nikafuta, nikakirudisha, nikatazama tena. Mke wangu alikuwa ananisubiri pembeni amenuna, lakini hatukuwahi kulala njiani.

Mpita Njia:
Nimeweka kiti hapa napata elimu. Mleta mada hesabu nati zako, zikibaki mwishoni usiseme kiwanda kilizidisha.

Binti Gereji:
Nijibu ulichouliza. Spana ya kupimia mkazo azima popote, lakini ipate. Zile nati nne za kichwa zinakazwa kwa msalaba na kwa awamu, na nyuzi za boliti zake zimeshika kwenye aluminiamu. Ukizidisha nguvu zinang'oka na nyuzi, hapo unatafuta mchongaji kwa kazi ambayo hukuipanga.

Msasa wa mkono hapana. Ringi mpya zinahitaji ukuta wenye mistari myembamba inayopishana ili oili ikae na ringi zijilaze vizuri. Ukisugua juu chini kwa kidole unachora mifereji ya kupitishia oili kwenda kwenye chemba. Kuna brashi ya kazi hiyo inayozungushwa na drili.

Sasa na mimi nikuulize. Injini iliwahi kujamu? Kuna mlio wa kugonga chini? Na hiyo haraka inatoka wapi?

Usukani:
Ahsanteni sana. Kujamu sijui niite hivyo, kuna siku ilizima tu. Mlio upo kidogo lakini nadhani ni vali, nitazirekebisha humohumo. Pistoni nimeshanunua, ya 50, na ringi zake na gasketi zote. Kwa hiyo nilichobakiza ni kufunga.

Binti Gereji:
Ya 50? Umepima silinda kwa kifaa gani ukajua inataka 50? Standadi ya hiyo cc 125 ni mm 52.4. Pistoni ya 50 imezidi standadi kwa mm 0.50, ni ya silinda ya mm 52.9. Haiingii mpaka silinda ichongwe, na mchongaji anachonga kwa kufuata pistoni yako aliyoipima mkononi, akiacha nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Huwezi kulimaliza hilo kwa msasa.

Na hujajibu. Ilizima vipi?

Usukani:
Haya. Skuta ni ya dada yangu. Aliniachia alipokwenda masomoni, nami ndiyo naitumia kwenye shughuli zangu. Nilikuwa safari ndefu, ikaanza kupoteza nguvu, ikazima ghafla. Kiki ikagoma kushuka kabisa. Nilipovuta kijiti kilikuwa kikavu. Nikakaa pembeni mpaka ikapoa, kiki ikashuka, nikatafuta oili nikajaza, ikawaka. Moshi ulianza baada ya hapo.

Lakini jamani, ilikuwa imeshatembea sana hata kabla ya hapo, ringi zingeisha tu. Na imeendelea kunipeleka kila siku tangu wakati ule. Kama ingekuwa imekufa chini isingekubali. Ndiyo maana nikanunua 50 moja kwa moja, nilijua silinda lazima imelika. Dada anarudi karibuni, nataka aikute nzima.

Mzee wa Plagi:
Mwambie mwenye chombo. Leo. Hayo ya pistoni yatafuata. Umeazimwa kitu, kimeharibika mkononi mwako, unataka kukifungua kwa mara ya kwanza maishani bila yeye kujua? Akirudi akakuta vipande kwenye beseni utamwambia nini?

Sikubali Kirahisi:
Samahani wadau, mimi naona hii ni chai. Mwanzo "nina skuta", sasa ya dada. Mwanzo tatizo ni mileji, sasa ni oili kukauka. Injini imejamu mpaka kiki haishuki, halafu inapoa, inawaka na kuendelea na kazi kila siku? Ikijamu imejamu. Na hakuna hata picha moja. Mtu anajipa burudani sisi tunaandika insha.

Mpita Njia:
Hata mimi hapo kwenye kijiti kikavu nilianza kuwa na shaka.

Spana Kumi:
Kubadilisha maneno kweli kabadilisha, lakini kwenye kujamu Sikubali amekosea. Pistoni ni aluminiamu, ukuta wa silinda ni chuma. Ikipata joto bila oili, pistoni inatanuka kuliko silinda mpaka inabana. Ikipoa inasinyaa, inaachia. Nimeona injini zilizofanya hivyo zaidi ya mara moja kabla ya kufa kabisa.

Tusibishane na mtu ambaye dawa yake ipo mezani. Usukani, toa kichwa na silinda. Ukishaona konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ziba mdomo wa krankesi, ile nyumba ya chini ya injini, kwa kitambaa safi kabla hujagusa vile vijiklipu vya pini ya pistoni, maana kimoja kikidondoka ndani umejiongezea kazi. Halafu tueleze mambo matatu: mikwaruzo iko upande gani wa pistoni, ringi ziko vipi, na konrodi ukiishika ukaivuta na kuisukuma kwa kufuata urefu wake, inacheza au haichezi. Kucheza kwa pembeni kidogo ni kawaida, usinitajie huko. Aliyetunga hadithi hataweza kujibu vizuri.

Sikubali Kirahisi:
Hapo sawa. Nasubiri.

Usukani:
Nimerudi, samahani kwa kuchelewa. Picha simu yangu inagoma kupandisha, nitaeleza.

Pistoni ilikuwa imefungwa maandishi ya IN yakitazama juu, upande wa kabureta. Upande ule wa juu una mikwaruzo michache. Upande wa chini, wa ekzosi, umechanika vibaya, na kwenye ukuta wa silinda pale pale kuna kitu cheupe kimeganda, nikikuna kwa kucha hakitoki. Ringi ya juu inacheza kwenye mfereji wake. Ya pili imekwama, ukingo wa pistoni umeilalia. Ile ya oili imejaa masizi.

Konrodi: nikiivuta na kuisukuma inatoa "tak". Ndogo, lakini naisikia na naihisi mkononi.

Sikubali Kirahisi:
Nafuta kauli yangu, mkuu. Upande wa ekzosi ndio wenye joto zaidi, na huko ndiko inakochanika. Hicho cheupe ni aluminiamu ya pistoni. Nisamehe kwa kukuita muongo.

Ila hiyo "tak" ndiyo mada yenyewe sasa. Beringi ya konrodi imekwisha. Huo mlio uliosema ni wa vali ulikuwa unatoka huku.

Usukani:
Lakini ni ndogo sana wakuu. Siwezi kuchongesha silinda, nikafunga pistoni mpya, halafu hiyo nikaishughulikia baadaye? Vifaa ninavyo tayari.

Binti Gereji:
Ndugu yangu, nakuomba usifanye hivyo. Pistoni mpya na ringi zinazobana vizuri zinaongeza mzigo kwenye hiyo beringi iliyochoka, kila mlipuko mmoja. Ikiachia kwenye mwendo, konrodi inaweza kutoboa krankesi, na hapo huna cha kutengeneza tena. Pia beringi inayokufa inatoa vipande vya chuma. Vinazunguka na oili, vinakuja kusugua hiyo silinda uliyoichongesha.

Kranki ya injini hii, yaani mhimili unaozungushwa na konrodi, imeshindiliwa vipande pamoja kwa mashine. Huitoi konrodi kwa spana. Chaguo ni kununua kranki nzima ikiwa na konrodi yake mpya, au kupeleka yako kwa mwenye presi na kifaa cha kunyoosha. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi nasema nunua nzima. Krankesi itabidi igawanywe, kwa hiyo badilisha na beringi kubwa mbili za kranki, na sili zake. Safisha njia za oili zote, pampu ifungue uitazame. Shafti ya kamu, ile inayofungua vali, pia itazame, mapembe yake na mahali inapokaa, kwa sababu oili inafika huko mwisho na ilikauka huko kwanza.

Pistoni yako ya 50 usiitupe. Mchongaji akisema silinda inasafika kwa 50, umepona. Akisema bado ina mfereji, utakwenda 75 au 100. Amua baada ya yeye kupima.

Mzee wa Plagi:
Na dada?

Usukani:
Nimempigia. Amekasirika, na nimenyamaza mpaka akamaliza. Ameniambia nisifunge nusunusu, bora aikute bado iko wazi kuliko aikute imefungwa vibaya. Kwa hiyo ile haraka imeisha. Kranki nitanunua nzima.

Nimeshatoa mkanda, variata na klachi upande wa kushoto. Kulia feni imetoka, nati ya sumaku, lile gurudumu la kuzalisha umeme, imetoka, ila sumaku yenyewe imeng'ang'ania. Niigonge kwa nyundo ya mpira?

Spana Kumi:
Hapana, hata ya mpira. Ukigonga unaweza kuvunja sumaku za ndani. Tafuta pula ya sumaku ya GY6, kifaa cha kuivutia nje, inafungwa kwenye nyuzi za katikati ya sumaku. Iingize mpaka mwisho wa nyuzi zake ndipo ukaze boliti ya kati, ikigoma kaza kiasi kisha gonga kichwa cha boliti hiyo mara moja, inaachia. Angalia kijiufunguo kidogo cha nusu mwezi kwenye kranki kisipotee, kitakwenda kwenye kranki mpya.

Kabla hujaivuta, izungushe mpaka alama ya T ilingane na alama ya krankesi, uione kwa macho yako ilivyo. Siku ya kufunga utaihitaji: T ikiwa pale, tundu kubwa la gia ya kamu linatazama nje na vitundu viwili vidogo vinalingana na uso wa kichwa.

Usukani:
Sawa mkuu. Natafuta pula.