Tupeane uzoefu: ruzuku ya waliojiajiri Uingereza wakati wa korona

Mleta mada (msusi, Leicester)
Wadau wa Uingereza, habari zenu. Habari za waajiriwa na furlough (serikali kulipa sehemu ya mshahara wa aliyesimamishwa kazi kwa muda) tumezisikia sana. Leo waseme waliojiajiri. Machi 26, 2020 Waziri wa Fedha, Rishi Sunak, alitangaza SEISS, yaani ruzuku ya serikali kwa waliojiajiri: asilimia 80 ya wastani wa faida yako, isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Ulipata? Kama ulikosa, kwa nini?

Mimi nilikuwa nimekodi kiti saluni. Maombi yalifunguliwa Mei 13, mtandaoni, na hesabu nilikuta imeshapigwa kutoka kwenye ritani zangu za kodi (taarifa za mapato za kila mwaka). Nilithibitisha, nikajaza akaunti ya benki, ikaingia ya miezi mitatu kwa mkupuo. Iliniokoa kweli. Julai 4 saluni za miji mingine zilifunguliwa, sisi Leicester tukabaki tumefungiwa. Awamu ya pili walishusha hadi asilimia 70.

Dereva teksi, London
Hongera dada. Mimi nilianza teksi Juni 2019, na ritani waliyotaka ilikuwa ya mwaka wa kodi ulioisha Aprili 5, 2019. Hivyo nilihesabiwa sipo. Abiria hakuna, mkopo wa gari unadaiwa, nikaishi kwa Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na vibarua vya kupeleka vifurushi. Ruzuku ya nne, mwaka 2021, ndiyo iliyokubali ritani za 2019-20. Nilishukuru, ila madeni yalikuwa yameshanifika shingoni.

Fundi cherehani, Reading
Mwaka 2017-18 nilikuwa na mtoto mchanga, karibu sikushona kabisa. Wakajumlisha faida ya miaka mitatu, na huo ukiwemo, wakagawa kwa tatu. Nikaambulia kiduchu. Kina mama walilipeleka suala hili mahakamani, na Februari 2021 Mahakama Kuu ikawakatalia. Mimi bado nasema tulidhulumiwa. Kunyonyesha si biashara kudorora.

Mpiga picha za harusi, Birmingham
Mwenye kampuni yake, kama mimi, hakufikiwa na SEISS. Nilijilipa mshahara mdogo, kilichobaki nachukua kama gawio. Furlough ikahesabu mshahara tu. Na harusi zote ziliahirishwa, wateja wanataka arubuni zao.

Mleta mada
Pole sana kaka. Jamani, tukumbushane: ruzuku ile ilitozwa kodi, ilipaswa kuingizwa kwenye ritani. Wa Scotland na Wales, kwenu ilikuwaje?