CGTase (kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa siklodekstrini, yaani pete za glukosi): nibadilishe wapi nipate siklodekstrini gama?

Swali: Wakuu, CGTase ya bakteria Bacillus circulans 251 hutoa zaidi beta (pete ya glukosi 7). Nataka gama (pete ya glukosi 8). Nianzie wapi?

Jibu: Anza na tirosini 195 (asidi amino iliyo nafasi ya 195 ya kimeng'enya), mkuu. Iko katikati ya kitovu cha utendaji, na mnyororo wa wanga huizunguka kabla ncha hazijaungana. Ukiweka lusini, asidi amino nyingine, mahali pake, uwiano wa gama hupanda.

Jibu: Kitanzi cha asidi amino za 145 hadi 151 nacho kiangalie. Kukifupisha hupanua nafasi ya mnyororo mrefu.

Jibu: Ila pima mapema! Kimeng'enya hichohicho hufungua tena pete, gama kwa wepesi zaidi, hivyo mmenyuko ukikawia beta hutawala. Toluini (kiyeyushi) usitie kabisa: huishika beta ikatuama kama mashapo, na mmenyuko wote huvutwa huko.